Kisu Kilichokunjwa Chini ya Mtoto

Kisu kilichinja jogoo kikatoka kikavu.

Hilo ndilo la kwanza, na mimi ndiye niliyeliona, na nilicheka. Nilikuwa nimemshika jogoo mabawa na miguu, mume wangu Gasto akapitisha kisu, damu ikamwagika kwenye majani kama kawaida, lakini alipokiinua hakikuwa na hata tone. Kinang'aa tu. Nikamwambia kisu chako kinaogopa kuchafuka. Akasema hiki ndicho kisu, siyo hivyo vyenu vya kukatia matembele, akakikunja kwa kiganja, ta, akakirudisha mfukoni. Basi, tukamla jogoo.

Naandika kwa simu, kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, kwa hiyo nikiruka mahali mnisamehe. Mkono wa kulia una kazi. Nitaifikia.

Kilikuwa kisu cha kukunja, cha mpini wa pembe nyeusi, misumari miwili ya shaba, saizi ya kiganja. Gasto alikitoa Sekenke. Wakati wa kiangazi anachimba huko dhahabu na rafiki yake Yeremia, kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na siku moja waligonga mwamba ukatoboka wakatokea kwenye njia ya watu wa zamani, yenye nguzo za miti bado zimesimama. Kwenye nguzo moja kisu hiki kilikuwa kimechomekwa, kimefunguliwa, makali yanatazama juu. Yeremia akamwambia aache. Wachimbaji wana sheria yao, kifaa ukikikuta kimelala chini ni cha aliyekiona, ukikikuta kimechomekwa kwenye nguzo kina kazi pale. Gasto akamjibu kwamba kisu hakina kazi ya kushikilia mlima. Akakichomoa.

Na kweli kilikuwa kisu. Kilimenya viazi, kilichonga vigingi vya mbuzi, kilikata kamba za katani, kilinitoa mwiba wa kisigino bila maumivu, na hakikuguswa na jiwe la kunolea hata mara moja. Nilikuwa nakigombania na Gasto. Akienda shamba bila kisu anarudi kukifuata, mimi najifanya sijui kiko wapi, nacho kiko kwenye upindo wa kanga yangu.

Wakati huo Derick, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa mchanga kabisa. Mama mkwe wangu, Mama Rahel, alikuja kutoka Kinampanda kunilea, akanikanda, akanipikia uji, mpaka mtama wake ukaanza kuliwa na ndege ikabidi arudi. Siku ya kuondoka alichukua kisu cha jikoni, kile cha mpini wa mti, akakisukuma chini ya godoro upande wa kichwa cha mtoto. Akaniambia mtoto haachwi peke yake chumbani bila chuma, kuna vitu vinapita vikitafuta pa kukaa, vikiona makali vinapita mbele. Mimi nimesoma baiolojia hadi kidato cha nne, najua kinachoua watoto, lakini mtoto ni wa kwanza na yule ni mama mkwe. Nikasema sawa mama.

Nikamfuata vizuri tu, hadi alizeti zilipokauka. Vichwa vya alizeti vinataka kisu kirefu, na kisu kirefu ndicho kilikuwa chini ya mtoto. Gasto alikuwa ameacha cha kukunja dirishani. Nikabadilisha. Nikatoa cha jikoni, nikaweka cha kukunja. Na kwa sababu Derick alikuwa ameanza kujipindua, nikaogopa makali yasije yakapenya godoro, godoro lenyewe jembamba, nikakikunja kwanza. Mama yeyote angekikunja. Visu vya mama mkwe havikunjiki, ndiyo maana hakuwahi kunipa maneno juu ya hilo.

Ilikuwa mchana, jua la utosi, saa ile ambayo hata kuku wanajificha. Kijiji chote kiko mashambani. Mimi niko nyuma ya nyumba, nakata vichwa nageuza kwenye turubai, na nikasikia ta.

Sauti ndogo. Mtu mwingine angesema kijiti kimevunjika, lakini ukiishi na kisu cha kukunja unaijua sauti ya kufunga. Nikaendelea na kazi, halafu nikasimama, maana nilijiuliza kisu ambacho nimeshakikunja kinakunjwaje tena.

Nikazunguka mbele. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na komeo. Ndani yuko mtoto ambaye hawezi hata kukaa. Nikasukuma, nikagonga, naona aibu kugonga nyumba yangu mwenyewe, nikamwita mtoto kana kwamba angeniitikia, nikaenda dirishani nikashika nondo. Derick alikuwa amelala chali macho wazi, halii. Anaangalia karibu sana, kama anavyoangalia uso wangu nikimnyonyesha. Godoro upande wake lilikuwa limebonyea, kama mtu mzima amekaa pale, na chandarua kilikuwa kinaingia na kutoka, kinaingia na kutoka, taratibu, na dirishani kukatoka harufu ya baruti na ubaridi wa chini, ule anaokuja nao Gasto kwenye nguo akitoka duarani, ila Gasto alikuwa shambani.

Alipofika alisukuma mlango kwa kidole ukafunguka. Akasema ni upepo. Nikamwambia upepo hausogezi komeo. Akasema upepo wa Singida unahamisha bati, utashindwa komeo, akacheka, akamnyanyua mtoto, na hapo akaacha kucheka kwa sababu mkono wa kulia wa Derick ulikuwa umekunjwa ngumi, kidole gumba kimefungiwa ndani, na haukufunguka hata tulipoukanda kwa maji ya moto.

Tangu hapo hakulia. Ananyonya, anakojoa, anaangalia, halii. Wanawake waliokuja kunisalimia wakanipa hongera, wakasema nina mtoto mtulivu, wengine hatulali. Nikawa naitikia ahsanteni. Nilikuwa naogopa kusema kwa sauti kwamba yule mtu anayebonyeza godoro anakuja kila jua likifika utosini.

Siku ya kliniki nikambeba kwenda kupimwa. Kuvuka kizingiti tu, pumzi yake ikakata. Siyo kwa kupaliwa. Ilikata kama umefunga bomba. Nikarudi ndani mbio, akavuta hewa. Nikadhani ni vumbi, nikamfunika, nikavuka tena, ikakata tena. Gasto akasema mnatiana hofu wewe na mwanao, akanipokonya, akatoka naye kwa haraka akiniambia tazama, na alipofika kwenye zizi la mbuzi mtoto alikuwa amegeuka rangi ya majivu na kichwa kimelegea kwenye mkono wake. Sijawahi kumwona Gasto akikimbia vile. Alipomrudisha ndani, mtoto akapumua, na baba yake akakaa chini sakafuni, kofia bado kichwani.

Ndipo nikamweleza habari ya kisu. Tukakitoa chini ya godoro. Kilikuwa cha baridi, na Derick akaanza kutetemeka. Gasto akajaribu kukifungua kwa kucha, zikavunjika mbili. Akachukua koleo. Alipokaza, mtoto akapanua mdomo hadi mwisho, shingo imekakamaa, analia bila sauti kabisa, nikamshika Gasto mkono nikamwambia acha, utampasua, ni yeye unayempasua. Akaacha. Tukakirudisha chini ya godoro, kwa sababu kilipokuwa mbali na mtoto hata kupumua ndani alipumua kwa shida.

Gasto akatoka kumtafuta Yeremia. Mimi siwezi kutoka, mtoto hawezi kutoka, jua likapanda.

Hapo sijui nitasemaje mnielewe. Nilikuwa nimekaa kitandani nimempakata. Nikasikia komeo likijisogeza, krr, hadi mwisho, nikaangalia mlango, halafu nikaona dirisha limekuwa jembamba. Siyo kwamba limefungwa, limekuwa jembamba, na ukuta wa upande wa mlango ulikuwa karibu kuliko asubuhi, na wa upande wa kitanda nao uko mgongoni kwangu na sikuwa nimeuegemea, na zile kuta mbili zilikuwa zinasogeleana polepole bila kishindo, zinanukia baruti, na mwanga unapungua ukiingia kama mstari, mstari mmoja mwembamba unaopita juu ya uso wa mwanangu, na upande wa pili wa godoro ukabonyea, ukabonyea zaidi, mtu akijisogeza apate nafasi, na hapo nikaelewa kwamba chumba chetu ndicho kilikuwa mpini, na mimi na Derick ndio tuliokuwa makali, na kuna mkono umetushika kwa nje unatukunja, na nikajua ikifika ile ta tutalala humo pamoja naye jinsi alivyolala yeye, miaka na miaka, kwenye giza la saizi ya kiganja. Sikupiga kelele. Pumzi ya kupigia kelele ningeitoa wapi. Nilimwimbia mtoto utenzi wa kanisani, kwa kunong'ona, nikakosea maneno, nikarudia.

Pikipiki ya Yeremia ikasikika nje. Kuta zikawa kuta.

Alikuwa amempakia Gasto na mama mmoja kutoka Shelui, Mama Eliana, anayewauzia chai na chapati madereva wa malori. Huko kila mtu anajua kwamba ukimaliza chai unaweza kumweleza na shida nyingine. Nilitegemea mtu wa kutisha. Alishuka na aproni yake ya unga, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniomba maji, akanywa, akamtania Gasto kwamba dereva wa Kongo alimletea jini la tani thelathini na halikumtoa jasho hivi. Halafu akakiona kisu, akauona na mkono wa mtoto. Utani ukaisha.

Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anaogopa kumwamsha mtu.

"Ulipokiweka chini ya mtoto, kilikuwa wazi au kimekunjwa?"

"Kimekunjwa, mama."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Akatueleza kwamba chuma cha kulinda mtoto kinawekwa wazi, ili kinachopita kione makali. Lakini mwenye kisu hiki alikuwa humo humo ndani yake. Waliomchomeka kule duarani walimwacha wazi, amesimama, asipate kulala. Gasto alipomkunja mfukoni alilala peke yake. Mimi nilipomkunja na kumwekea mtoto juu, alilala na mtoto. Pumzi ya Derick iko mle, katikati ya pembe na pembe, ndiyo maana haivuki kizingiti bila kisu.

Gasto akamwomba tukirudishe kwenye nguzo yake, mtoto na kisu pamoja. Yeremia akainamisha uso. Akasema shemeji, lile duara limeshuka, mvua za mwanzo ziliingia, ile njia ya wazee imejaa maji na mawe, hakuna mtu atakayeifikia tena.

"Basi atasimama hapa," Mama Eliana akasema. "Aliyekunja ndiye akunjue. Na kikishakunjuka, baba, usimpe nafasi ya kuchagua pa kukaa."

Akaniketisha kizingitini na mtoto mapajani. Gasto akasimama na nyundo kwenye mwimo wa mlango, ule mti wa mninga uliobeba bawaba. Mama Eliana akamwaga chumvi kidogo mbele ya miguu yangu, akaanza kusoma kwa sauti ya ndani, mengine nilijua ni Zaburi, mengine sikujua. Nikaweka ukucha. Kile kisu kilichovunja kucha za mume wangu kikafunguka kwangu kama ganda la kunde, laini, kilikuwa kinanisubiri.

Ubaridi ukatoka. Ukapita usoni kwangu ukiwa na mawe, maji yaliyolala na baruti, mbuzi wakagonga zizi kwa pembe wote kwa pamoja, sufuria zikaanguka jikoni, chandarua kikajaa kama mtu amesimama ndani yake, na Gasto akanyang'anya kisu mkononi mwangu akachomeka ncha kwenye mwimo, makali juu kama kilivyokuwa kule, akapiga nyundo nyuma ya mpini, akapiga, akapiga, hadi kikazama robo yake.

Chandarua kikalala. Derick akalia.

Mnajua furaha ya kusikia mtoto analia? Tulikaa tukimsikiliza kama redio. Mkono wake ukafunguka kidole kwa kidole, kiganja kimekunjamana, cheupe. Nikamvusha kizingiti nikaenda naye mpaka zizini, mpaka barabarani, analia njia nzima.

Mama Eliana wakati wa kuondoka hakuchukua alichopewa ila kuku mmoja. Akaniambia neno moja ambalo nilitamani asingelisema.

"Hatujamtoa, mwanangu. Tumemsimamisha. Akikunjwa tena, atalala na yule aliyemzoea."

Tukaishi. Kisu kikawa kama msumari wa nyumba. Wageni wanakiona wanadhani ni cha kutundikia kofia, tunawaambia msiguse. Derick akakaa, akaota meno, akaanza kutambaa. Anatambaa kila mahali, lakini mwimoni hapiti. Anafika karibu na mlango, anainua macho, anageuza.

Halafu mwezi huu nikaona mpini haujanyooka.

Nilidhani ni macho. Nikaweka kijiti ukutani kama alama, kesho yake mpini ukawa umekipita. Makali yamekaa palepale ndani ya mti, hayajasogea, ni mpini unaoyafuata. Gasto akasema msumari wa shaba umelegea, kitu kizito lazima kiiname. Lakini kingekuwa kinashuka hata mimi ningesema ni uzito. Kinapanda. Makali yanatazama juu na mpini unapanda kuyafunika, kila siku kidogo.

Tulifunga kamba ya katani kwenye mpini tukaning'iniza jiwe. Tuliikuta kamba imekatwa. Tukafunga waya, waya ukakatwa, na lile jiwe tulilikuta kitandani, upande wa kichwa. Kuchomoa tukachomeke upya hatuthubutu. Gasto akampigia Mama Eliana, mwanamke aliyepokea akasema amesafiri kwa ndugu zake Manyoni, anarudi. Anarudi lini hakusema.

Leo Gasto amepeleka alizeti Shelui, kwenye mashine ya kukamua, ili akitoka hapo aulizie tena. Aliniacha mpini uko nusu ya kufunga. Jua lilipoanza kukaza nikauona unatembea kwa macho, kama mshale wa saa kubwa. Nikambeba Derick nitoke naye, nikafika kizingitini, pumzi ikakata. Nikamrudisha ndani nikamkalisha kwenye mkeka, nikarukia mlangoni, nikaushika mpini kwa mkono wa kulia nikaukandamiza chini.

Ndiyo kazi ya mkono wangu wa kulia. Nimesimama hapa, bega kwenye mwimo, tangu jua halijafika utosini. Una nguvu. Siyo nguvu za kushtua, ni za kuendelea, kama maji yanavyosukuma mlango. Gasto nimempigia, simu inaita, mashine zile zina kelele hatasikia. Yeremia hapatikani. Kijiji kiko mashambani. Ndiyo nimeanza kuandika, yeyote atakayesoma aje, asiulize, aje ashike mpini huu nami nimshike mwanangu, kwa sababu mkono mmoja hautoshi vyote na siwezi kumfikia kutoka hapa. Mkeka uko hatua chache tu. Nimemwita aje. Mwimoni hapiti.

Mpini umetoka jasho, unateleza, au ni jasho langu. Chumba kimeanza kunukia. Dirisha limekuwa jembamba.

Derick ameacha kucheza na kikombe. Ameinua mikono yote miwili, jinsi anavyoinua akitaka kubebwa, na anacheka.

Lakini hajageukia kwangu.